Meli Ile Ile, Chuma Kingine

Kuna swali ambalo wanafalsafa wa Uyunani walilipata bandarini. Plutarch, alipoandika maisha ya Theseus, alisimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa huyo kwa muda mrefu mno. Kila ubao ulipooza ulitolewa, ukatiwa mwingine mahali pake. Je, merikebu iliyobadilishwa hivyo ni ile ile au ni nyingine? Karne nyingi baadaye Mwingereza Thomas Hobbes akalikoroga swali zaidi: na lau mtu angezikusanya mbao mbovu zilizotolewa, akaziunga tena kwa mpango wake wa awali, ipi kati ya hizo mbili ingekuwa ya Theseus?

Fundi wa majahazi akiulizwa hivyo pengine atacheka. Jahazi hubadilishwa mbao na mataruma, likatiwa kalafati mara zisizo na idadi, tanga likachakaa na nahodha akafa akarithiwa na mwanawe. Na bado likichomoza mkondoni watu wa pwani hulitaja kwa jina lake. Lakini kicheko si jibu. Nadhani jibu lipo, na nimeliona mahali nisipopatarajia: katika mto Medway, kusini-mashariki ya Uingereza, kwa watu waliojitolea kufufua meli kuukuu za mvuke, zile zinazosukumwa na magurudumu mawili makubwa ya makasia ubavuni.

Medway Queen iliundwa Troon, Scotland, mwaka 1924. Kazi yake ilikuwa nyepesi na ya furaha: kuwachukua wakaazi wa miji ya Medway kwenda kupunga upepo kwenye fukwe za mlango wa mto Thames. Vita vilipozuka ikageuzwa kuwa meli ya kutegua mabomu ya baharini. Kisha mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1940, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipozingirwa Dunkirk, chombo hiki cha matembezi kilivuka bahari mara saba na kuokoa askari wapatao 7,000. Baada ya vita kikarudia abiria wake hadi 1963, magari na mabasi yalipokwisha kuwanyang'anya wateja. Hapo ndipo ilipoanza fedheha. Meli iliyobeba roho za watu elfu saba ikawa nyumba ya dansi kwenye mto mmoja wa kisiwa cha Wight, halafu ikaachwa, ikaingia maji, ikakaa chini. Mwaka 1984 ilirudishwa Medway ikiwa imebebwa juu ya chombo kingine, kama maiti juu ya jeneza.

Mwaka 1985 ikaundwa jumuiya ya kuiokoa. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliokuja siku zao za mapumziko kukwangua kutu, kupaka rangi, kuchangisha fedha na kupiga pampu maji yasiizamishe tena. Kwetu tungeuita msaragambo, ila huu haukuitishwa kwa mbiu wala kwa amri ya mkubwa yeyote. Walifanya hivyo miaka na miaka, mpaka wakakiri kwamba chuma cha kiunzi, yaani mwili wote wa meli, kimekwisha. Ukigonga, nyundo inapita. Kwa msaada mkubwa wa mfuko wa urithi unaolishwa na bahati nasibu ya taifa lao (msomaji anisamehe kuitaja) kiunzi kipya kizima kikaundwa katika gudi la Bristol, mabamba yakiunganishwa kwa ribiti za moto kama ilivyokuwa 1924. Kazi ya namna hiyo haikuwa imefanywa Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Ule mtambo wa zamani ukawekwa ndani ya mwili mpya, na Novemba 2013 meli ikakokotwa kurudi Medway, ikafungwa kwenye gati la Gillingham.

Mwili mpya, moyo wa kale, jina lile lile. Mwenye inda atasema: hiyo ni meli ya 2013 iliyovishwa cheti cha kuzaliwa cha marehemu.

Hoja hiyo ningeikubali, lau isingekuwapo meli ya pili. Kingswear Castle nayo iliundwa mwaka 1924, kwa ajili ya mto Dart, huko Devon. Mtambo wake, hata hivyo, ni wa 1904: ulitolewa katika meli iliyotangulia, ambayo nayo iliitwa Kingswear Castle. Tazama sasa. Moyo wa kale, mwili mpya, jina lile lile. Hesabu ni moja kabisa na ile ya Medway Queen. Lakini hapana anayesema kwamba hizi Kingswear Castle mbili ni meli moja. Ile ya kwanza iliachwa ukingoni mwa mto ioze, na ya pili ikahesabiwa umri wake kuanzia 1924. (Hii ya pili nayo ilikuja kuokolewa na watu wa kujitolea, nao waliifanyia kazi kwa miaka mingi katika Medway hiyo hiyo.)

Kwa nini chuma kile kile kitoe hukumu mbili? Si kwa sababu ya chuma. Wenye meli wa 1924 walitaka chombo kipya, na kwa kuwa mtambo wa zamani ulikuwa bado mzima, wakaona ni hasara kuutupa. Walichukua kilichowafaa wakaliacha lililobaki. Wale wa Medway Queen waliishika meli wasiiache: kila bamba walilolitoa walilitoa kwa ajili ya lile lililosalia. Wa kwanza walirithi mali. Wa pili waliuguza mgonjwa. Plutarch na Hobbes waliuliza mbao ziko wapi, nami naona walipaswa kuuliza ni nani aliyekuwa akizibadilisha, na kwa nia gani. Neno “ile ile” si maelezo ya kitu tu. Ni ahadi ambayo watu wameitoa juu yake, na ahadi huwa kweli au uongo kwa jinsi inavyotimizwa.

Ndiyo maana sharti la kwanza la kazi hii ni ukweli. Jumuiya ile haifichi kwamba kiunzi ni kipya. Lau ingekificha, ingepoteza haki ya kulitumia jina. Mimi ni mfasiri, na jambo hili linanigusa mbavuni, kwani mfasiri ni fundi asiyebakisha hata ubao mmoja: kila neno la mwenyewe hutoka, likaingia la kwangu, kisha juu ya ukurasa naliandika jina lake yeye. Nina haki gani? Haki yangu ni kwamba sikuja kuchota kinachonifaa, na kwamba nimemwambia msomaji hii ni tafsiri. Hata tenzi zetu wenyewe zimetufikia kwa njia hiyo. Utendi wa Mwana Kupona, wa katikati ya karne ya 19, tunao kwa sababu mikono ya watu iliunakili karatasi ziliposhambuliwa na unyevu na mchwa.

Kuna atakayeuliza, naye ana haki: kwa nini jasho lote hilo limwagwe juu ya chuma, ilhali wapo binadamu wenye shida? Sina jibu la kumnyamazisha. Naweza kusema tu kwamba aliyejifunza kupiga ribiti mbele ya mzee wa mwisho mwenye kuijua kazi hiyo hakuokoa chuma peke yake.

Na hapa ndipo tunapoumia sisi. Mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa Lamu, ulishonwa kwa kamba bila msumari, ukaenda kwa tanga la mkeka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ukitoweka, na hapana aliyeushika usiondoke. Baadaye sana, mtepe uliundwa upya ukawekwa katika Beit el Ajaib, hapa Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Niliufurahia mtepe ule. Lakini ulikuwa mtepe wa nani? Haukuwa na jina la kurithi wala nahodha wa kutajwa, kwa sababu mnyororo wa mikono ulikuwa umekwisha katika, na walioujenga iliwabidi kuuliza picha na vielelezo badala ya kumuuliza mzee. Wanawake wa pwani ya mashariki bado wanafukia makumbi mchangani, wakayafukua, wakayapiga na kusokota kamba za usumba. Kamba ipo. Anayejua namna ya kuipitisha kwenye ubao hadi maji yasipenye, huyo hatukumshika mkono.