Ahadi ya Yule Aliyeondoka

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwanza laweza kuonekana dogo, tena la kidunia tu, lisilostahili kuandikwa katika gazeti la Kanisa. Ni habari ya makampuni ya simu za mkononi yanapounganishwa kuwa kampuni moja, na masumbuko yanayowapata watu wanaoyategemea. Walakini ndani ya jambo hili limo swali lililo la zamani kuliko simu zote: mtu akitoa ahadi, kisha akaondoka, na mwingine akashika mahali pake, je, ahadi ile ni ya nani?

Twamjua mjane mmoja aliyeitumia namba moja ya simu kwa miaka mingi. Namba ile ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani jikoni mwa binti yake, na katika daftari la wazee wa usharika, na katika kumbukumbu la mwanawe aliye mbali, ambaye kila mwisho wa mwezi humpelekea mama fedha kwa njia ya simu. Siku moja ulimfikia ujumbe mfupi ya kuwa kampuni yake imeungana na nyingine. Kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumemwonya mara nyingi juu ya matapeli, aliufuta. Baada ya majuma machache, tarakimu alizozoea kubonyeza ili kutazama fedha zake hazikuitika tena. Kifurushi alichokinunua hakikuonekana. Na wakala wa pale njia panda alikuwa amekwisha ondoa kibao chake. Akapanda gari kwenda mjini, akatoa nauli, akasimama katika mstari tangu asubuhi hata saa nane mchana. Alipofika mbele, kijana aliyekuwa akihudumia watu akamjibu kwa upole: “Mama, hayo yalikuwa ya kampuni ya zamani. Sisi hatuhusiki nayo.”

Hatuitaji kampuni ile, wala hatusemi ya kuwa ilikuwa na nia mbaya. Fedha za mama zilipatikana alipokwenda mara ya pili, kifurushi hakikurudi. Lakini neno lile la kijana limekaa moyoni mwetu, nasi twataka kulipima: “Sisi hatuhusiki.”

Kwanza tuwe wenye haki. Hakuna amri ya Mungu inayokataza makampuni mawili kuungana. Nafasi ya mawimbi yanayochukua sauti zetu ina mipaka yake, nayo hugawanywa na serikali kama viwanja vinavyogawanywa. Mnara una gharama zake za ulinzi, umeme na mafuta, ukitumiwa na watu elfu au na watu mia. Kampuni yenye wateja wachache hulemewa, na pengine kuungana na nyingine ndiyo njia ya kuiokoa isifilisike. Mara nyingi baada ya muda simu husikika vizuri zaidi, nayo hufika vijiji ambavyo kwanza havikufikiwa. Mtu asiyekiri faida hizi hasemi kweli yote.

Tena mambo haya yametukia katika nchi nyingi. Katika Uganda, mwaka 2013, Airtel iliinunua Warid. Katika Rwanda, mwaka 2018, iliichukua Tigo. Hapa Tanzania, Zantel ilianzishwa mwaka 1999; mwaka 2015 Millicom, waliokuwa wenye Tigo, walinunua sehemu 85 katika kila 100 za Zantel kutoka kwa Etisalat; baadaye kazi za Tigo na Zantel ziliunganishwa; mwaka 2022 Millicom nao wakawauzia wengine walioongozwa na Axian; na mwaka 2024 majina ya Tigo na Zantel yakaondolewa, likawekwa jina la Yas. Basi mtu aliyeishika laini yake tangu siku za kwanza amepita kutoka mkono hata mkono bila kutoka nyumbani kwake. Huko Marekani, T-Mobile na Sprint ziliungana tarehe 1 Aprili 2020, na mwaka 2022 mitambo ya zamani ya Sprint ilizimwa. Simu zisizoweza kusikilizana na mitambo mipya zikawa hazina kazi, hata kama mwenyewe alizitunza vizuri.

Lakini habari ya Kenya hutufundisha kuliko zote. Mwaka 2014 kampuni iliyoitwa yu iliacha kazi. Mitambo yake ilikwenda kwa Safaricom, nao watu wake, zaidi ya milioni mbili, wakaenda kwa Airtel. Mitambo kwa mmoja, watu kwa mwingine! Hatusemi ya kuwa walidhulumiwa kwa kugawanywa hivyo. Pengine haikuwapo njia nyingine. Twasema tu ya kuwa hapo twaona wazi jambo ambalo mahali pengine limefichika: katika mauzo ya namna hii, watu nao huhesabiwa pamoja na mali. Mnunuzi hatoi fedha zake kwa ajili ya nyaya na vyuma tu. Hutoa fedha kwa ajili ya mazoea ya mjane yule, na kwa ajili ya namba ile iliyoandikwa kwa mkaa ukutani.

Basi hapa ndipo twaona udhaifu wa neno “hatuhusiki.” Kama mnunuzi alinunua imani ya watu, amenunua na ahadi iliyoizaa imani ile. Haiwezekani kuchukua matunda ya mti na kuukana mzizi. Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wanajua ya kuwa mfereji wa maji uliochimbwa na mababu hupita katikati ya vihamba vya watu wengi. Mtu akikinunua kihamba leo, hawezi kuuziba mfereji na kusema, “Mimi sikumwahidi jirani maji, aliyemwahidi ni yule aliyeniuzia.” Wazee watamwuliza, “Je, ulipokuja kukitazama kihamba, hukuuona mfereji?” Vivyo hivyo twamwuliza mnunuzi wa kampuni: je, ulipohesabu wateja, hukuona ya kuwa kila mmoja wao ameshika ahadi mkononi?

Wengine watajibu ya kuwa katika maandishi madogo ya mapatano imeandikwa kwamba kampuni ina ruhusa ya kubadili mambo wakati wo wote. Huenda ni kweli. Lakini Dk. Martin Luther, katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, alionyesha ya kuwa wizi si kuvunja sanduku la mtu tu, bali huingia sokoni na dukani, po pote watu wanapouziana na kununuliana. Na katika Katekismo Ndogo kila mtoto wa kipaimara hufundishwa ya kuwa amri ile hututaka tumsaidie jirani kuilinda mali yake. Mahakama huuliza, “Je, ilikuwa imeandikwa?” Amri huuliza zaidi: “Je, jirani yako ametoka kwako na haki yake?”

Maandiko Matakatifu nayo hayakulinyamazia swali hili. Yoshua na wakuu wa Israeli waliwaapia Wagibeoni ya kuwa watawaacha hai, tena kiapo kile kilipatikana kwa hila, maana wale watu walivaa nguo kuukuu na kuchukua mkate ulioingia ukungu, wajifanye wametoka mbali. Hata hivyo wakuu hawakukitangua. Miaka mingi ikapita. Yoshua alikufa, waamuzi wakapita, akaja mfalme Sauli aliyetaka kuwaua Wagibeoni, kana kwamba kiapo kimezikwa pamoja na waliokiapa. Na katika siku za Daudi ikawa njaa ya miaka mitatu, na Bwana akamwambia Daudi ya kuwa sababu ni damu ya watu wale. Daudi hakuwa ameapa, wala hakuwa amewaua, lakini hakusema, “Hayo yalikuwa ya ufalme wa zamani.” Na katika siku zile zile alimwokoa Mefiboshethi, kwa ajili ya kiapo alichomwapia Yonathani, baba yake, aliyekwisha kufa. Twakumbuka pia jinsi kitabu cha Kutoka kinavyoanza mateso ya Waisraeli: aliinuka mfalme mpya ambaye hakumjua Yusufu. Dhuluma ile ilianza kwa kutokujua, yaani kwa mtu kukikalia kiti bila kuuliza kiti kile kinadaiwa nini.

Sasa, ndugu, tusifurahi upesi mno kwa kuwa tumeyahukumu makampuni. Katika gari lile lile alilorudi nalo mjane wetu, alikuwamo msafiri aliyekuwa akicheka. Alikuwa amekopa muda wa maongezi kwa kampuni ya zamani, naye aliwaambia wenzake, “Deni langu limekufa pamoja na jina lao.” Watu wakacheka naye. Lakini mjane, ambaye siku ile alikuwa amepoteza mali yake kwa neno lile lile, hakucheka. Kwa maana kama deni hufa jina linapobadilika, na ahadi nayo hufa. Na kama ahadi ni hai, deni nalo ni hai. Hatuwezi kuikata sheria vipande viwili, tukashika kile kinachotufaa na kukitupa kile kinachotudai.

Wala tusiyasahau ya nyumbani mwetu. Mchungaji anapohamishwa, na mwingine akaja, je, hatukusikia ikisemwa, “Hayo yalikuwa maneno ya mchungaji wa zamani”? Usharika mmoja unapogawanywa kuwa miwili, au mitaa miwili inapounganishwa, ni nani anayemkumbuka yule kizee aliyeahidiwa kuezekewa nyumba? Mwalimu mpya anapolipokea daftari, hupokea majina; walakini kila jina lina ahadi nyuma yake. Na mzazi wa ubatizo, wazazi wa mtoto wakifariki, anaweza kusema ya kuwa alisimama kanisani siku moja tu? Makampuni yamejifunza neno “hatuhusiki” kutoka wapi, ikiwa si kutoka katika vinywa vya wanadamu kama sisi?

Basi ni nini lililo wajibu wetu? Walimu na wazee wa usharika wanaweza kuwasaidia sana watu wasiojua mambo haya. Tangazo la kuungana kwa makampuni likitokea, lisomwe mbele ya watu baada ya ibada, kwa maneno mepesi, ili wasidhani ni matapeli, tena wasidanganywe na matapeli wanaojifanya ni kampuni. Mtu asimpe mwingine namba yake ya siri, hata akijiita mtumishi wa kampuni mpya. Ujumbe wa malipo na uhifadhiwe. Aliyedhulumiwa aipelekee kwanza kampuni malalamiko yake, naye aandike siku aliyoyapeleka; asiposikilizwa, anayo ruhusa ya kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Tena tangu mwaka 2017 hapa Tanzania mtu aweza kuhamia kampuni nyingine pamoja na namba yake ile ile. Lakini kabla ya kuhama atoe kwanza fedha alizoziweka katika simu. Kulalamika kwa njia ya haki si ukosefu wa uvumilivu. Hata huko Uingereza, mwaka 2024, wenye mamlaka waliporuhusu Vodafone na Three kuungana, waliwafunga kwa masharti, na moja lao ni kutokuzidisha bei fulani kwa miaka mitatu. Wakuu wenyewe wanajua ya kuwa ahadi huhitaji mlinzi.

Walakini tunapodai, tusimtukane yule kijana anayehudumia watu. Yeye hakununua wala hakuuza; huenda naye alihesabiwa pamoja na vyuma, na kesho hajui kama atakuwa na kazi. Mjane wetu alipokwenda mara ya pili alimkuta kijana yule yule, akamwambia, “Mwanangu, mimi sikukujia wewe, nimeijia ahadi.” Kijana akanyamaza kidogo, kisha akainuka akaenda kumwita mkubwa wake. Hivyo ndivyo fedha zilivyopatikana.

Twaona ya kuwa mama yule aliyatenda yote mawili: hakuiacha haki yake, wala hakumdharau mtu. Nasi kila mmoja tumekalia kiti ambacho mwingine alikikalia mbele yetu, tumerithi mashamba, na kazi, na watu. Kabla hatujasema ya kuwa hatuhusiki, na tuulize kwanza kiti chetu kinadaiwa nini. Na Mungu wetu, ambaye ahadi yake kwa Ibrahimu haikufa ingawa vizazi vilipita vingi, atutie nguvu za kuzitimiza hata zile ahadi ambazo vinywa vyetu havikuzitamka.