Savitribai hakuwa kivuli cha mumewe

Savitribai Phule (1831–1897) wa Maharashtra, India, hutajwa zaidi kama mke wa Jotirao, na ni kweli mumewe ndiye aliyemfundisha kusoma. Lakini kufundishwa si kufanyiwa kazi. Walipofungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848, mwalimu alikuwa yeye. Mwaka 1854 akatoa diwani yake ya Kimarathi. Anayeshikilia kwamba fikra zote zilikuwa za mume aitazame miaka baada ya 1890, Jotirao alipofariki. Satyashodhak Samaj, chama alichokiasisi mwaka 1873 kupinga ukuu wa Wabrahmani, tabaka la juu la Wahindu, hakikuzikwa naye: mjane wake alikiendeleza, tena katika nchi ambako wajane wengi wa Kibrahmani walinyolewa nywele na kutengwa. Tauni ilipoikumba Pune alihudumia wagonjwa mpaka ikamuua.

Wapo wasemao shule za Savitribai na Jotirao zilikuwa chache mno kuibadili India. Zilikuwa chache, sawa. Ila ubishi wa wakati ule (wa kuudhi hata kuusimulia) ulikuwa kama binti wa tabaka la chini anafundishika hata kidogo. Mwaka 1855 mwanafunzi wao Mukta Salve, wa jamii ya Mang ya tabaka hilo la chini, alichapisha insha kuhusu mateso ya watu wake.