Je, Asiyekusudia Ubaya Hana Kosa?

Neno "sikukusudia" limezoeleka sana vinywani mwetu. Mtu akimwumiza mwenziwe kwa bahati mbaya husema hivyo, nasi hatumdai zaidi. Je, neno hilo hutosha daima? Tulipime kwa kitu cha kawaida: kostiki soda, ambayo akina mama wengi huitengenezea sabuni.

Kostiki ikichanganywa kwa kipimo chake na mafuta ya nazi au ya mawese, vyote viwili hugeuka. Mafuta hayabaki mafuta, wala kostiki haibaki kostiki. Hutoka sabuni na gliserini. Baada ya majuma machache sabuni hukomaa, ikafaa hata kumwogeshea mtoto. Lakini kabla ya kukutana na mafuta hayo, kostiki haichagui. Mwili wetu nao una mafuta na nyama, nayo huvila vivyo hivyo. Hula hata sufuria ya alumini. Tena kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu yake huchemka ghafula na kukurukia machoni.

Sasa, maji ya kostiki hayana rangi. Mtu akiyahifadhi katika chupa ya soda chini ya meza, mtoto mwenye kiu atajuaje? Chupa imekwisha kumwambia kuwa ni kinywaji. Funda moja laweza kumwunguza koo hata ashindwe kumeza chakula. Wako watakaosema mtoto afunzwe kutogusa vitu. Ni kweli, lakini wa miaka miwili atafunzika kiasi gani? Mwenye chupa hakukusudia. Hata hivyo alijua kilichomo, na chupa aliichagua yeye.

Kumbukumbu la Torati 22:8 humwagiza ajengaye nyumba kuzungushia dari yake ukuta, mtu asije akaanguka. Sheria haiulizi nia ya mjenzi. Yauliza ukuta uko wapi.

Nionavyo mimi, ajuaye ana deni kwa asiyejua. Hulipwa kwa mambo madogo: chombo chenye jina, kifuniko kinachokaza, kabati lenye kufuli. Na ajali ikitokea, usimtapishe mtoto wala usimpe ndimu. Msukutue kinywa kwa maji, umkimbize hospitali.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafadhali tazama chini ya meza yako.