Paka, Chungu cha Maua na Swali la Hatia

Paka akijisaidia ndani ya chungu cha maua, nani mkosaji? Najua wapo watakaocheka. Watasema vijana wa siku hizi wamekosa la kuandika mpaka wanaandika mavi ya paka. Wacheke tu. Mimi naona ndani ya swali hili dogo limejificha swali kubwa: je, ni haki kumhukumu kiumbe kwa kutenda jambo ambalo sisi wenyewe hatukumwachia njia nyingine ya kulitenda?

Hebu tumtazame kwanza huyo mshtakiwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu. Kule Saiprasi limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Muda wote huo tumekaa naye, tumempa majina, tumemlaza miguuni, lakini desturi yake moja haikubadilika. Akishikwa na haja hutafuta udongo laini, hufukua, hujisaidia, kisha hufukia. Hata kipaka cha majuma machache hujaribu kufukua bila kufundishwa. Kwa kipimo cha paka, huo ndio ustaarabu wenyewe.

Sasa mchukue kiumbe huyo umweke kwenye ghorofa ya tatu, Upanga au Kariakoo. Sakafu ni vigae toka mlangoni hadi jikoni, madirisha yana nondo na wavu wa mbu. Saruji haifukuliki. Vigae havifukuliki. Udongo pekee uliomo nyumba nzima ni ule wa kwenye chungu cha maua. Wewe ungekuwa paka ungekwenda wapi?

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinisimamisha kwenye ngazi kunieleza taabu yake. Nikamwamkia, naye hata marahaba aliitamka kwa haraka.

"Mwanangu, huyu paka ana dharau! Ananitazama machoni kabisa, halafu anapanda kwenye ua langu."

"Pole, mama. Na humo ndani ana pahali pengine pa kwenda?"

"Pahali gani tena? Si atoke nje kama paka wenziwe?"

Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo alikuwa nao yeye mkononi.

Neno lile, dharau, lilinikaa kichwani siku nyingi. Ili mtu awe na dharau lazima aijue sheria, aelewe kwamba inamhusu, kisha aivunje kwa makusudi. Paka hajafika hata hatua ya kwanza. Ndiyo maana ile adhabu ya kumkamata shingo na kumsugua pua kwenye uchafu wake haina mantiki. Yeye hauunganishi uchungu ule na kosa la saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kuuogopa mkono wako. Na paka mwenye woga hujificha, na huko alikojificha, uvunguni au nyuma ya kabati, ndiko atakakojisaidia kesho.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Na katika mafundisho ya Kiislamu imo habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache atoke akajitafutie mwenyewe. Watu wengi huisikia habari hii kama onyo juu ya njaa tu. Mimi nasikia humo na kanuni pana zaidi. Ukimfungia mtu au mnyama mlango, yote aliyokuwa akiyapata nje yanageuka kuwa deni lako. Nje kulikuwa na chakula, basi chakula ni juu yako. Nje kulikuwa na udongo, basi na udongo pia ni juu yako.

Deni lenyewe wala si kubwa. Huko Marekani, mwaka 1947, bwana mmoja aitwaye Edward Lowe alianza kuuza udongo mkavu wenye kufyonza unyevu kwa ajili ya paka, na ikawa biashara ya kutajirisha. Hapa kwetu beseni la plastiki la zamani na mchanga wa kujengea vinatosha, au maranda kutoka kwa fundi seremala. Liwekwe pembeni pasipo na kelele, mbali na sahani ya chakula, na uchafu utolewe kila siku, maana paka naye huchagua choo. Wakiwa wawili, beseni moja ni ugomvi.

Ukishalipa deni hilo, ndipo una haki ya kulinda maua yako. Panga kokoto juu ya udongo, au fudikiza vifuu vya nazi kuzunguka shina. Asipopata pa kufukua atapaacha. Maganda ya machungwa nayo paka wengi hawayapendi. Lakini wapo wanaonyunyiza pilipili au kutupia vidonge vya nafthalini vya kufukuzia nondo wa nguo. Hapo tumevuka mpaka. Pilipili humnata miguuni, akajilamba, akajifikicha macho. Nafthalini ni sumu kwake. Kokoto zinamwambia paka, "Si hapa." Pilipili inamwambia, "Ole wako." Kauli hizi mbili zinatofautiana sana, na kila mlezi wa watoto anajua tofauti yake.

Wapo wasemao: binadamu kwanza, paka baadaye. Nami nakubali kwamba usafi si anasa. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Mama mjamzito asiguse beseni lile wala udongo wa chungu kile kwa mikono mitupu. Lakini tazama: vimelea hivyo huchukua kati ya siku 1 na 5 tangu kutoka kwa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Beseni linalosafishwa kila siku linamlinda mama kuliko chungu kinachochafuliwa kwa siri. Hapo haki ya paka na afya ya mwenye nyumba zinakwenda njia moja.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Tembea katika miji yetu usome kuta: USIKOJOE HAPA. FAINI. Kiasi cha fedha kimeandikwa kwa rangi nyekundu, wakati mwingine kinazidi pato la siku nzima la mtu anayesukuma mkokoteni. Choo cha umma kiko wapi? Hakuna aliyeandika mshale. Na kikipatikana kina mlinzi na kiingilio. Mtu mzima si paka. Anajua sheria, anaweza kujizuia, na wapo kweli wanaochafua ukuta huku choo kiko hatua kumi mbele. Hao walipe. Lakini mwuza karanga aliyeshinda juani tangu alfajiri, tukimwita mshenzi kabla ya kumwonyesha choo, tunasema maneno yale yale ya jirani yangu: ana dharau, si atoke nje?

Msimamo wangu ni huu. Anayeweka katazo ajiulize kwanza kama ameweka njia. Akiwa hajaiweka, kosa la kwanza ni lake, na adhabu yoyote atakayotoa ni ya kujifurahisha tu. Mahakama, shule, wazazi na manispaa wanaweza kupimwa kwa kipimo hicho hicho, na kinaanza na jambo dogo kama beseni la mchanga.