Kujivika Hali ya Mwenzio kwa Mchezo

Tumeulizwa hapa Lodwar: Je, yafaa mtu kushika kadi mkononi akanena, "Mimi ni fulani," ilhali yeye siye?

Sababu ya swali ni hii. Vijana watatu wa darsa yetu walikata makasha ya sabuni wakafanya kadi, nyingine wakazitoa fotokopi dukani. Kila kadi ina mtu: dereva wa lori, mchunga ngamia, karani, mama mwenye watoto wanne. Mchezaji huchukua kadi, akasema na kutenda kama mtu yule. Mmoja wao husimulia safari, na dadu huamua litakalotokea. Si wao walioubuni mchezo wa namna hii. Mwaka 1974 ulitolewa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na kwa huo desturi hii ikaenea duniani. Ila wale hujifanya mashujaa na wachawi; vijana wetu wamechagua njia ya mkimbizi aendaye Kakuma.

Mzee mmoja akawakemea kwa mambo matatu: karata ni kamari, kujifanya mwingine ni uongo, na mashaka ya watu si mchezo.

La kwanza halitutaabishi. Kilichoharamishwa katika Sura ya al-Maida ni kamari, na sababu zake zimetajwa humo humo: uadui baina ya watu, na kuzuiwa na Sala. Vijana hawa hawawekeani hata senti, na adhana ikilia hufunika kadi. Aogopwe zaidi yule achezeaye fedha za chakula cha wanawe, hata kama achezacho ni drafti ya vifuniko vya soda. Juu ya dadu mzee alikuwa na hoja, kwa kuwa iko hadithi ya kukemea nardi; wakaiacha, na sasa msimulizi huficha kokoto kiganjani, wenzake wakakisia idadi.

Ama uongo, ni kumtia mwenzio itikadi usiyokuwa nayo wewe, naye asijue. Katika mchezo huu nani amedanganywa? Wote wamejua na wote wameridhia. Imepokewa na Abu Daud kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere, na baina yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza habari ya mbawa hizo, alijibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye akacheka hata magego yakaonekana. Hakumwambia kuwa amesema uongo.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Kakuma ni kiasi cha kilomita 120 kutoka hapa, na kambi yake ipo tangu 1992. Aliyeko humo hutakiwa kukisimulia kisa chake kwa karani huyu, kisha kwa yule, mwaka hata mwaka. Na neno moja likipishana na la zamani, huenda likamgharimu safari yake. Basi kisa hicho kwake ni mali, na pengine hana nyingine. Je, yatupasa sisi kukitandaza mkekani?

Huenda mtu akasema kwamba wenyewe wahudumu wa wakimbizi wamefanya hivyo. Ni kweli. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 1995 mchezo uitwao Passages, ambamo vijana hujigawa kwa jamaa, huchagua cha kubeba, hupotezana njiani, hufika mpakani. Nia ilikuwa njema: aliyelala salama aonje kidogo. Lakini aonjaye huondoka akala chakula chake cha jioni, na mwenye kisa hayuko pale kumwambia, "Hapa umekosea." Hilo ndilo nililowaambia vijana, nami nilidhani nimemaliza maneno.

Ijumaa iliyofuata alikuja mgeni, kijana aliyekulia Kakuma. Wakampa kadi ya mama. Akaitazama, akaiweka chini, akachukua ya karani. Akawauliza wenzake kwa sauti kavu, akamrudisha mmoja kwa kosa la tarehe, na mwingine akamwambia, "Njoo Jumatatu." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akanyamaza kitambo, akasema: "Sikujua kuwa ni rahisi namna hii."

Sikuwa nimelitia hilo katika hesabu yangu. Nilikuwa nikipima kama yafaa mwenye raha kujivika hali ya mwenye taabu. Sikufikiri kwamba mwenye taabu naye huenda akataka kukaa upande wa pili wa meza, walau kwa saa moja, aone kunaonekanaje kutoka huko. Mzee aliyekemea alikuwapo, wala hakusema kitu.

Mchezo nimewaruhusu. Kadi ya mama ingali kwangu, ndani ya kitabu. Nimewaambia sitairudisha mpaka aulizwe mmoja wa akina mama hao, na mpaka leo hakuna aliyejitolea kwenda kuuliza.