Umekuja Kuchimba au Kujengwa?

Andiko: 1 Petro 2:5, Ayubu 28



Kule Kaunti ya Migori, juu ya kilima chenye miti, kuna ngome ya kale ya mawe inayoitwa Thimlich Ohinga. Mwaka wa 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zimesimama kwa mamia ya miaka, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu.

Sasa sikia hii: hakuna simiti hata kidogo. Tena si mawe ya kukatwa na mashine kama yetu ya Ndarugu. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati wakajaza vijiwe vidogo. Hivyo vidogo, ambavyo hakuna mgeni anavipiga picha, ndivyo vinavyoshikanisha ukuta.

Kaunti hiyo hiyo kuna Macalder, mgodi wa zamani wa dhahabu na shaba, wa enzi za mkoloni. Mimi nimesomea biashara, hesabu ya mgodi naielewa: ingia, toa, beba. Faida ikiisha, unafunga. Ayubu 28 inaeleza vile mwanadamu hutoboa mlima mpaka gizani akitafuta dhahabu, halafu inauliza: hekima je, itapatikana wapi?

Wapendwa, wengine tunakuja kanisani kama mgodini. Nipate kazi, nipate mchumba, nisipopata nihamie kwingine. Kuomba si dhambi. Lakini Petro anatuita mawe yaliyo hai, tunaojengwa pamoja tuwe nyumba. Jiwe la ukutani limebeba lingine, nalo limebebwa.

Kuna ndugu alisimamishwa kazi kiwandani hapa Thika, akakosa Jumapili tano. Aliyegundua ni mama anayepanga viti. Alipoenda kumtembelea alikuta watoto wamelala njaa. Akaita ushirika wake wa nyumbani Ruiru, wakanunua unga, wakachanga kodi ya mwezi mmoja. Mama huyo hajawahi kushika maikrofoni. Huyo ndiye kijiwe cha katikati!

Juma hili, kumbuka kiti kilichobaki wazi karibu nawe. Mpigie mwenyewe kabla ya Jumatano. Usianze na "mbona hukuja?" Anza na "mmekula?"

Tuombe: Bwana, niweke pale ukuta wako una pengo, hata nisipoonekana. Amina.