Chungu Kikiiva Chenyewe, Saa Zinazobaki ni za Nani?

 

Siku chache zilizopita tulikaa na mama wa kanisa tukawafundisha namna ya kuivisha maharagwe ndani ya kikapu, bila kukaa na moto. Wengi walifurahi. Mwishoni bibi mmoja akainua mkono, akasema: "Mchungaji, kikapu tumekielewa. Kuni zikibaki, tutaziweka pembeni ya nyumba na kila mtu ataziona. Lakini saa zikibaki, tutaziweka wapi? Zitakuwa za nani?" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulirudi nyumbani bila jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu bibi yule.

KIKAPU CHENYEWE

Kwanza tueleze kazi ya kikapu kwa wale ambao hawakuwepo. Maharagwe makavu yanadai saa mbili mpaka tatu motoni. Hapa kwetu yanakawia kuliko Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Lakini sehemu kubwa ya zile saa tatu moto haufanyi kazi ya kuongeza joto. Unalipa tu joto linalokimbia kupitia pande za sufuria. Ukilizuia joto lisikimbie, chakula kinaendelea kuiva chenyewe.

Basi fanya hivi. Loweka maharagwe usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Chemsha kwa nguvu nusu saa nzima. Usipunguze hapo, maana maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kweli. Joto la vuguvugu haliiondoi. Kikapu kikubwa kiwe tayari, kimejazwa majani makavu ya migomba au nyasi kavu, na ndani yake blanketi kuukuu. Sufuria iwe imejaa vizuri, maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Itoe motoni ikiwa bado inachemka, usifunue, iweke katikati, ifunike juu kwa mto au nguo nzito. Iache saa nne. Ukirudi, chemsha tena kidogo kabla ya kula. Chakula kikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 60 wadudu wa ugonjwa huongezeka, kwa hiyo usikiache kulala humo mpaka kesho.

Kande ya mahindi na maharagwe inafuata njia hiyo hiyo. Mchele unataka dakika tano tu za kuchemka, kisha saa moja kikapuni. Sombe lazima itwangwe na kuchemshwa sana ikiwa wazi kwanza, ndipo iingie kikapuni kulainika. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemke nusu saa. Ugali peke yake unakataa. Ugali unataka mkono wa mtu.

KAZI YA ZAMANI

Tusidhani jambo hili limeanza leo. Katika Kutoka sura ya 16 watu wanaambiwa wapike siku moja kabla ya Sabato, na sura ya 35 inakataza kuwasha moto siku ile. Basi mama wa Israeli walifanya nini ili watoto wale chakula cha moto? Walikifunika. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Wayahudi wa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, una sura nzima juu ya vitu gani vinafaa kufunikia sufuria kabla ya Sabato: nguo, manyoya ya njiwa, unga wa mbao wa maseremala. Walimu wale walitenganisha vitu vinavyotunza joto na vitu vinavyoongeza joto, na hivi vya pili walivikataza.

Desturi ile ilifika Ulaya mashariki. Huko familia zilipeleka chungu kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni, kikalala humo likipoa polepole. Mmarekani mmoja Myahudi, Irving Naxon, alisikia habari hiyo kwa mama yake aliyetoka Lithuania. Akatengeneza chungu cha umeme kinachopika polepole, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1940. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilianza kukiuza kwa jina la Crock-Pot. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanakijua vizuri: wanakiwasha asubuhi kabla ya zamu, wanarudi usiku chakula kiko tayari.

Angalieni safari hiyo, wapendwa. Chungu kile kilianza kama chungu cha mapumziko. Kilifunikwa ili mtu asifanye kazi. Kilipofika dukani, kilinunuliwa ili mtu aweze kwenda kufanya kazi nyingine. Chungu ni kile kile, lakini saa zimebadilisha mwenyewe.

SWALI LENYEWE

Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake cha Siasa kwamba kama vyombo vingeweza kufanya kazi vyenyewe, kitambaa kikajifuma, mabwana wasingehitaji watumwa. Ni wazo la kupendeza: leta chombo kizuri, na aliyefungwa na kazi atafunguliwa. Lakini mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alionyesha kwamba mashine nyingi ziliingia jikoni na kwenye dobi za Wamarekani, na mama wa nyumbani hawakupumzika kama ilivyotarajiwa. Mashine zilipunguza jasho, lakini mara nyingi zilichukua kazi ambazo zamani baba na watoto nao walishiriki, na watu wakaanza kudai nguo safi zaidi na chakula cha namna nyingi zaidi.

Tungependa kusema kwamba hayo ni ya Marekani. Haiwezekani, kwa sababu tumeyaona nyumbani kwetu sisi tunaoandika. Kikapu kilipoingia, mama wa nyumba yetu alipata karibu saa tatu kila siku. Juma la kwanza alilala mchana mara moja. Juma la pili sisi tuliona kwamba yuko huru, tukaanza kukaribisha wageni wa kanisa bila kumuuliza. Na binti yetu wa darasa la tano, aliyekuwa anachelewa shule kwa kulinda moto, sasa akatumwa maji kwa sababu "hana kazi". Alichelewa vile vile. Mwezi ulipokwisha, mama akatuambia kwa sauti ya chini: "Baba, zamani jiwe la moto lilikuwa linanipa sababu ya kukaa. Sasa hata hilo mmeniondolea."

Neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumefundisha kikapu kwa mama wengi kabla ya kuona kilichotokea kwetu.

WANAODAI SAA HIZO

Wa kwanza kudai ni nyumba. Baba atasema: mume na mke ni mwili mmoja, basi saa zikibaki ni za wote. Tunakubali. Lakini kama saa ni za wote, uchovu nao ni wa wote, na jerikani la maji ni la wote. Mwili mmoja hauwezi kuwa na mkono mmoja unaopumzika siku zote na mwingine unaofanya kazi siku zote. Mwili wa namna hiyo tungeupeleka hospitali.

Wa pili ni wale wanaoogopa uvivu. Wanasema mama asiye na kazi atakwenda kusengenya. Tunawauliza: mbona baba akikaa chini ya mti akicheza karata tangu mchana mpaka jua kuzama, hakuna anayeitisha mkutano juu ya saa zake? Uvivu ni kukimbia kazi iliyo yako. Mapumziko huja baada ya kazi kufanyika. Aliyeamka kabla ya alfajiri akaloweka, akachemsha, akafunika, ameshafanya kazi yake. Kikapu kinamalizia kazi ambayo yeye alikwisha kuianza.

Wa tatu ni kanisa, na hapa tunajisema wenyewe. Ni rahisi kusema saa zilizobaki ni za Mungu, halafu tukazijaza mikutano tuliyoipanga sisi. Tunapenda kumhubiri Martha na Mariamu, na mara nyingi tunamlaumu Martha huku tukingoja chakula chake. Martha hakukosea kupika. Alielemewa, na aliyekaa akingoja kula hakumsaidia. Mungu akidai saa za mama, anaweza kuzidai mwenyewe. Hahitaji sisi tuwe wakusanya kodi wake.

AMRI NA WAKIMBIZI

Someni tena amri ya Sabato katika Kutoka sura ya 20. Inawataja kwa majina wanaopaswa kupumzika: wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa, mjakazi, mnyama, mgeni aliye malangoni. Mke hatajwi. Walimu wengi wanaeleza kwamba yumo ndani ya lile neno "wewe". Vizuri. Basi baba anayesoma "wewe" akajiona peke yake, amesoma nusu ya amri.

Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inaongeza sababu: kumbukeni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyang'anywa saa zake asinyang'anye za mwingine. Hapo sisi wakimbizi hatuna pa kujificha. Nakivale imepokea watu tangu mwaka 1958, Wanyarwanda wakitangulia, na wote tuliofika baadaye tumejifunza jambo moja: kungoja. Tumesimama kwenye foleni ya mgao, foleni ya kuhesabiwa, foleni ya dawa. Tumengoja kuitwa kwenye mahojiano mwaka baada ya mwaka. Tunajua ladha ya siku ambayo mtu mwingine ndiye anayeamua itaishaje. Na tunalalamika, kwa haki. Je, tutarudi kutoka foleni ile tukifanya vile vile mlangoni mwetu, mama na binti wakingoja sisi tuwaambie saa zao ni za nini?

TULIPOFIKA

Basi bibi yetu, jibu letu ni hili. Saa iliyookolewa ni kwanza ya yule ambaye kazi yake imeiokoa. Hazuiliwi kuitoa. Anaweza kumpa mtoto, jirani, kanisa, biashara yake ndogo. Lakini zawadi huombwa; haichukuliwi. Nyumbani kwetu tumepatana hivi: kikapu kikishafunikwa, saa ya kwanza hakuna anayemwita mama, hata mchungaji akiwa na wageni. Binti anakwenda shule kwa wakati. Maji yanachotwa na sisi wanaume. Majuma ya kwanza watu walitucheka njiani tukiwa na jerikani. Sasa wamechoka kucheka.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2020 na tena 2021, na familia kugawanywa kwa makundi mwaka 2023, wako mama ambao saa tatu za kikapu zinakwenda moja kwa moja kufua nguo za watu Kakoba au kulima shamba la mwingine. Kwao saa si mapumziko, ni chakula cha kesho. Hatuna haki ya kuwahubiria kulala mchana. Na kikapu hakiwezi kuivisha maharagwe ambayo hayamo. Kwa mama huyo mapumziko yatatoka kwetu: tukijaza sufuria yetu zaidi kidogo, naye akirudi jioni akute chakula cha moto ambacho hakukipika. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyo nusu. Kwa hiyo kumpikia jirani hakukuongezei kuni nyingi.

Tunaomba kila nyumba iulizane jioni hii, baba mbele ya mama, bila ukali: saa zako zimekwenda wapi leo? Halafu baba anyamaze, asikilize jibu.

Bwana awape ninyi nyote raha, na binti zetu pia. Amina.